Kuwasha prosesa za akiba kwenye seva yenye patisheni, na kuzirudisha kabla bili haijakukuta

Watu wengi wanadhani kazi kubwa ya hizi prosesa za kuwasha kwa mahitaji ni kuziwasha. Hapana. Kuwasha ni komandi moja, dakika haiishi. Kazi iko kwenye mambo mawili mengine: kujua kabla kama kweli unazihitaji, na kuzirudisha zikarudi kweli kweli. Humo ndimo hela zinapopotelea, na humo ndimo nitakaa muda mrefu, mengine nitayapita fasta.

Naongelea seva za IBM Power zinazosimamiwa na HMC (kituo cha kuziongoza), patisheni (vipande vya seva vinavyotembea kama mashine huru) zikiwa na AIX, yaani Unix ya IBM, maana ndio ninazoshika kila siku. Kama wewe uko HP-UX na vPars (Unix ya HP na patisheni zake), majina yanabadilika, huko una icapstatus na icapmodify upande wa kuwasha halafu vparmodify upande wa kugawa, ila mantiki ni ile ile: kuwasha prosesa ni jambo moja na kuipa patisheni ni jambo lingine, usidhani ukifanya la kwanza la pili litajifanya lenyewe.

Nikisema prosesa hapa namaanisha kori moja, sio chipu nzima. HMC nayo inahesabu hivyo hivyo.

Mashine ina nini, na umelipia nini

Hizi mashine zinakuja na prosesa nyingi kuliko ulizonunua. Zilizobaki zimelala, zipo ndani, ila famweya haikuruhusu kuzigusa mpaka uweke kodi, yaani namba ya kufungulia, sio ushuru. Kuna kuziamsha moja kwa moja, hiyo unanunua na imekuwa yako, haijadili tena na mtu. Kuna ya majaribio, kwa kawaida siku 30. Kuna ya kuwasha na kuzima, yaani On/Off, unalipa kwa siku. Kuna ya dakika. Na kuna mfumo mpya zaidi wa Enterprise Pools 2.0 ambapo prosesa zote zimeshawashwa kwenye kundi la mashine, una kiwango chako cha msingi ulicholipia, ukizidi hapo unahesabiwa kwa dakika. Sio kila modeli inayo zote, chek mkataba wako. Mimi hapa nashughulika na On/Off kwa sababu ndio inayoumiza watu.

Hesabu yake inaitwa siku-prosesa. Ukiwasha prosesa 3 kwa siku 2 hizo ni siku-prosesa 6. Na siku yenyewe haianzi saa sita usiku, ni masaa 24 tangu ulipobonyeza, kwa hiyo ukiwasha saa tatu asubuhi siku yako inaisha kesho saa tatu asubuhi, na ukizitumia masaa mawili ukazima, siku nzima imeshaliwa. Ndio maana mimi siwashi usiku wa kuamkia kazi eti nijiandae. Nawasha kazi ikiwa mlangoni.

Kabla ya yote kuna kodi ya kuruhusu On/Off, inatolewa kwa ajili ya mashine hiyo moja kulingana na serial namba yake, na unaiingiza hivi:

`chcod -m MASHINE01 -o e -k KODI_YAKO`

Hii kodi ina kikomo cha siku-prosesa. Zikiisha unaomba nyingine. Sasa usisubiri ziishe ndio ukumbuke kwamba kuomba kodi kunahitaji sahihi ya bosi, oda, na watu ambao wikendi hawapokei simu. Na mkataba unataka utume ripoti ya matumizi kila mwezi, hata mwezi ambao hukutumia kitu, watu wanasahau hapo.

Angalia kwanza kama unahitaji

Hapa tukae kidogo. Chukua mashine yenye prosesa 16 ndani, ulizonunua 10, 6 zimelala. Patisheni zako ziko hivi: `hazina` ndio hifadhidata, ina mgao wa 4.0 na prosesa pepe 6. `maombi` ina 3.0 na pepe 6. `majaribio` ina 1.0 na pepe 4. Halafu VIOS mbili (patisheni zinazowapa wenzake diski na netiweki), kila moja 0.5. Jumla ya migao 9.0, imebaki 1.0 haina mwenyewe. Zote zinashea fungu moja la prosesa na zote hazijawekewa dari, maana yake patisheni ikimaliza mgao wake inaruhusiwa kuchota zile ambazo wenzake hawazitumii.

Prosesa pepe ni zipi? Ni prosesa ambazo patisheni inaziona, sio zile halisi. Mgao ni chakula ulichohakikishiwa, prosesa pepe ni midomo uliyonayo. Patisheni yenye midomo 6 haiwezi kula zaidi ya prosesa 6 halisi kwa wakati mmoja hata kama jikoni kumejaa. Hili jambo moja tu, ukilielewa, litakuokolea hela nyingi kuliko komandi zote zilizoko huku chini.

Mwisho wa mwezi umefika, ripoti zinasukumwa, watumiaji wanalia, unaingia kwenye `hazina` unapiga `lparstat 5 5` unaona mstari kama huu:

```
%user  %sys  %wait  %idle  physc  %entc  lbusy   app  vcsw  phint
 84.1  12.6    0.2    3.1   5.94  148.5   93.7  2.31  9120    310
```

Mtu wa haraka haraka anaona 148.5 kwenye %entc, asilimia ya mgao iliyotumika, anasema tumezidi mgao, tuwashe prosesa. Tulia. Soma physc, prosesa halisi inazokula: 5.94. Patisheni ina prosesa pepe 6. Imefika mwisho wa midomo yake. Sasa soma app: 2.31, hiyo ni prosesa halisi zilizobaki bila kazi kwenye fungu zima. Yaani chakula kipo, kimebaki zaidi ya sahani mbili, mdomo ndio hauna. Hapo hulipi hata senti, unaongeza prosesa pepe mbili na mambo yanaenda:

`chhwres -r proc -m MASHINE01 -o a -p hazina --procs 2 -w 5`

Ile `-w 5` ni dakika za kusubiri kabla haijakata tamaa.

Usipoiona safu ya app maana yake patisheni haijaruhusiwa kuona matumizi ya fungu, kuna kibox cha kutiki kwenye mipangilio ya patisheni upande wa HMC, kinahusu kukusanya taarifa za utendaji. Kitiki kwenye patisheni moja angalau. Bila hiyo app unaendesha gari usiku bila taa.

Sasa mwezi unaofuata, `hazina` ina pepe 8, unapiga tena unaona hivi:

```
%user  %sys  %wait  %idle  physc  %entc  lbusy   app   vcsw  phint
 85.9  11.7    0.3    2.1   6.12  153.0   95.2  0.03  21874   1402
```

Hii ni habari nyingine kabisa. Pepe ziko 8, inaweza kula mpaka 8, inakula 6.12, na app ni 0.03. Jikoni kumeisha. `maombi` naye yuko pale anagombania, `majaribio` naye kuna mtu kaacha skripti inazunguka. Hapa ndio pa kufikiria kuwasha. Lakini hata hapa, kabla hujatoa hela, nenda `majaribio` uue ile skripti, halafu tazama tena. Nimeshaona app ikirudi kutoka sifuri mpaka moja na nusu kwa kuua kitu kimoja kilichoanzishwa wiki mbili nyuma na mtu aliyeko likizo.

Mambo mengine mawili ya kuchek hapo hapo. Kama %wait iko juu na kule vmstat safu za pi na po (memori inayohamishwa kwenda na kurudi diski) zinacheza, shida yako ni diski au memori, hata uwashe prosesa zote 16 watu wataendelea kulia. La pili, kwenye POWER7 kuja huku AIX inapenda kutawanya kazi kwenye uzi (thread) wa kwanza wa kila prosesa pepe kabla ya kujaza nyuzi zingine, kwa hiyo unaweza kuona physc iko karibu na idadi ya pepe huku %idle ni 40. Hiyo patisheni haijachoka, imetanua miguu tu. Ndio maana kwenye mifano yangu nimekuonyesha %idle ya 3 na 2, hizo ndio zimebanwa kweli.

Leseni za programu, usizisahau

Dakika mbili tu hapa. Programu nyingi kubwa, hifadhidata hasa, zinalipiwa kwa kori, na wengine wanahesabu kilele, sio wastani. Siku mbili za prosesa 3 za ziada zinaweza kuonekana kwenye ripoti ya leseni kama kilele cha kipindi chote. Na patisheni isiyo na dari wengine wanaihesabu kwa idadi ya prosesa pepe, wengine kwa ukubwa wa fungu. Uliza mwenye mkataba kabla. Kama kuna hatari, tengeneza fungu dogo la pili ndani ya mashine (mashine inaruhusu mpaka 64) uliwekee kikomo chake, patisheni zenye leseni ghali zikae humo, hazitavuka hata ukiwasha nini.

Kuwasha

Angalia hali ya sasa:

```
lscod -m MASHINE01 -t cap -c onoff -r proc
lshwres -r proc -m MASHINE01 --level sys
lshwres -r proc -m MASHINE01 --level lpar -F lpar_name,curr_proc_mode,curr_proc_units,curr_procs,curr_max_procs
```

Hii ya tatu ikopi iweke kwenye faili. Serious, iweke kwenye faili yenye tarehe. Ndio picha ya kabla, na ndio utakayoitumia kujua umerudisha sawa sawa, maana ukishakuwa na usingizi saa nane usiku hutakumbuka kama `maombi` ilikuwa na pepe 6 au 7.

Halafu washa, prosesa 3 kwa siku 2:

`chcod -m MASHINE01 -o a -c onoff -r proc -q 3 -d 2`

Basi. Sekunde chache. Piga lscod tena uone zimehesabiwa kama zimewashwa.

Sasa zimeenda wapi? Prosesa iliyowashwa ambayo haina mwenyewe inaingia kwenye fungu la pamoja yenyewe. Fungu letu lilikuwa 10 sasa ni 13. Kwa hiyo `hazina` ambayo haina dari na ina pepe 8 itaanza kuzichota hapo hapo, hujagusa chochote kwenye patisheni. Rudi kwenye lparstat, utaona physc inapanda kuelekea 8 na app nayo inapumua.

Ila kama patisheni yako ni ya prosesa za kumiliki peke yake, hiyo haichoti fungu, lazima uipe mkononi kwa `chhwres -o a --procs 2`. Na kama ina dari nayo hivyo hivyo, mpaka uongeze mgao.

Uziache kwenye fungu au uongeze mgao?

Hapa ndio ushauri wangu mkubwa, na kuna watu wenye uzoefu hatukubaliani, sawa tu. Kwa prosesa za muda mimi SIONGEZI mgao. Naongeza prosesa pepe kama hazitoshi, prosesa zenyewe naziacha kwenye fungu, basi.

Sababu ni hesabu. Chukua ile mashine yetu. Migao yote jumla 9.0, ulizonunua 10, umewasha 3, una 13. Njia ya kwanza, hujagusa mgao: siku mbili zikiisha mashine inachukua prosesa zake 3 kutoka kwenye fungu, imebaki 10, migao bado 9.0, kila mtu ana chake, hakuna deni. Njia ya pili, umeipa `hazina` 3.0 za ziada ili ihakikishiwe: migao sasa ni 12.0. Siku mbili zimeisha, mashine inataka prosesa zake, lakini 12.0 zina wenyewe na ulizonunua ni 10. Haiwezi kumnyang'anya mtu haki yake ikiwa inafanya kazi. Kwa hiyo prosesa 2 zinaandikwa kwamba hazijarudishwa, na unaendelea kulipia siku baada ya siku, hata kama `hazina` yenyewe imelala haifanyi kitu, mpaka mtu aje apunguze mgao. Mashine haitazima chochote. Usitegemee ikupigie kelele. Inaandika tu kwenye daftari.

Ubaya wa njia ya kwanza ni kwamba fungu ni la wote. `majaribio` naye anaweza kuingia kula prosesa ulizomlipia `hazina`. Dawa yake ni uzito. Kila patisheni isiyo na dari ina uzito kuanzia 0 mpaka 255, kawaida unakuta 128, na ziada ikigombaniwa inagawanywa kulingana na uzito. Mpe `hazina` 200, `maombi` 100, `majaribio` 5, VIOS uzipe 255 maana hizo zikikwama kila mtu kakwama. Unabadilisha patisheni ikiwa inatembea. Angalia tu usimpe mtu 0, huyo atakuwa kama ana dari, hatachota hata tone.

Kama unahitaji uhakika kabisa, mfano mkataba unasema hifadhidata lazima iwe na prosesa 7 hata iweje, haya ongeza mgao, ila ujue umejifunga kuurudisha kwa mkono. Na kumbuka mgao hauwezi kuzidi idadi ya pepe, ukienda 7.0 pepe ziwe 7 au zaidi. Upande wa chini kila pepe inataka angalau 0.05 ya mgao kuanzia POWER7+, za zamani 0.1.

Vitu vitakavyokukatalia

Cha kwanza ni kiwango cha juu kwenye profaili, yaani mipangilio ya patisheni iliyohifadhiwa kwenye HMC. Kila patisheni ina kima cha chini, kinachotakiwa, na cha juu. Ukitaka pepe 8 na cha juu kimeandikwa 6, HMC inakataa, na huwezi kukibadilisha patisheni ikiwa inatembea. Unabadilisha profaili, unazima patisheni, unaiwasha tena kutoka kwenye profaili. Sisitiza hilo, kuiwasha kutoka kwenye profaili. Kupiga restart ndani ya AIX hakusomi profaili upya, watu wanarestart mara tatu wanashangaa kwa nini namba ni ile ile. Kwa hiyo siku ya kwanza unatengeneza patisheni weka kiwango cha juu cha prosesa cha kujinafasi, mara mbili ya unachodhani. Kwenye memori ndio uwe mchoyo, kule haipavaiza (famweya inayogawa mashine) inatenga nafasi kulingana na kiwango cha juu hata usipokitumia.

Cha pili ni RMC, yaani njia ambayo HMC inaongea na patisheni, na hiki nina kisa nacho.

Mara ya kwanza kabisa nilipokabidhiwa hii kazi niliwasha prosesa 4 kwa siku 2 kwa ajili ya kufunga mahesabu. Patisheni ilikuwa ya kumiliki peke yake, kwa hiyo niliipa zote 4 kwa chhwres, zikaingia, safi, watu wakafurahi. Nilikuwa nimeandika skripti ya kuzitoa Jumapili usiku. Skripti ikatembea. Jumatatu nikaja nikaona kazi imeisha kwa wakati, nikaendelea na mambo mengine. Kumbe Jumamosi jamaa wa netiweki walibadilisha sheria za faiawoli, poti 657 ikafungwa kati ya HMC na ile patisheni, na chhwres ya kutoa prosesa ilirudi na HSCL2957, ile inayosema hakuna muunganisho wa RMC na patisheni. Skripti yangu ilikuwa inatupa makosa yote `/dev/null`, shimo ambalo kinachoingia hakionekani tena, kwa sababu nilitaka logi iwe safi. Logi ilikuwa safi kweli. Siku tano baadae ndio nikaangalia lscod kwa jambo lingine kabisa nikaona 4 hazijarudishwa. Nilipanga siku-prosesa 8, zikaja 28. Kwenda kumwelezea mkubwa ilikuwa ndefu kuliko kuandika skripti nzima.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kuongeza na kabla ya kupunguza, kwenye HMC:

`lspartition -dlpar`

Patisheni yako iwe Active<1> na DCaps isiwe 0x0. Ikiwa siyo, chek poti 657 kwa TCP na UDP zote mbili, halafu ndani ya AIX uanzishe upya RMC:

```
/usr/sbin/rsct/bin/rmcctrl -z
/usr/sbin/rsct/bin/rmcctrl -A
/usr/sbin/rsct/bin/rmcctrl -p
```

Subiri dakika kadhaa uangalie tena. Kama patisheni ilitengenezwa kwa kukopi nyingine inaweza kuwa ina kitambulisho sawa na mwenzake, hapo ni `recfgct` ndio inayotibu, iko `/usr/sbin/rsct/install/bin/`. Kwenye Linux hakikisha vifurushi vya RSCT na DynamicRM vimewekwa, vinginevyo HMC haiongei nayo kabisa.

Cha tatu, kutoa prosesa kunaweza kugoma kwa sababu kuna programu imejifunga kwenye prosesa fulani kwa bindprocessor. AIX inatoa za mwisho kwa namba, zikiwa zimefungwa na mtu inakataa. Tafuta huyo mtu, mfungue. Kuna namna ya kulazimisha lakini kwenye hifadhidata inayotembea mimi silazimishi.

Kurudisha

Fanya masaa matatu manne kabla siku haijaisha, sio dakika kumi kabla. Kama uliongeza mgao, toa mgao na pepe kwa pamoja:

`chhwres -r proc -m MASHINE01 -o r -p hazina --procunits 3 --procs 2 -w 5`

Kama hukuongeza mgao, toa tu pepe ulizoongeza, na hata ukiziacha AIX itazikunja zile zisizo na kazi, hazili sana. Halafu linganisha na ile faili ya kabla. Ukisoma lshwres ya patisheni zote, jumla ya migao pamoja na za kumiliki lazima iwe sawa au chini ya ulizonunua. Ikiwa ni 10.0 au pungufu, endelea. Ikiwa ni 10.1, hapana, kuna mtu ameshika kitu, tafuta.

Ukiwa umemaliza mapema zima ombi mwenyewe:

`chcod -m MASHINE01 -o d -c onoff -r proc`

Kama kazi imechelewa na unaona itavuka, usiache muda uishe wenyewe ukidhani utalipia "kidogo tu" za kuchelewa. Badilisha ombi liongeze siku, au punguza idadi kama tatu hazihitajiki tena, ombi linaloendelea linabadilika bila kulizima. Siku uliyoiomba mwenyewe unaweza kuitetea kwa mhasibu, ya deni huwezi.

Profaili nayo iangalie. Mabadiliko ya moto moto hayaandikwi kwenye profaili isipokuwa umewasha kusawazisha:

`lssyscfg -r lpar -m MASHINE01 -F name,sync_curr_profile`

Ikiwa 1, yale mabadiliko ya siku mbili yameshaandikwa kwenye profaili. Ulipoyarudisha nayo yamerudishwa, vizuri. Lakini kama patisheni ilizimwa katikati ukarekebisha nusu nusu, unaweza kukuta profaili inadai 7.0 kwenye mashine ambayo haina. Itawaka na pungufu, kati ya kima cha chini na kinachotakiwa, na hakuna atakayegundua mpaka mwisho wa mwezi mwingine. Kwa prosesa za muda mimi napenda kusawazisha kuwe kumezimwa, ili patisheni ikizimwa ikawashwa kutoka kwenye profaili irudi kwenye hali yake ya kawaida.

Halafu weka mlinzi. HMC yenyewe shell yake imebanwa, kwa hiyo tumia mashine nyingine yenye cron (inayoendesha komandi kwa ratiba), na mtumiaji wa HMC mwenye ruhusa ya kuangalia tu:

`0 7 * * * ssh mtazamaji@hmc01 "lscod -m MASHINE01 -t cap -c onoff -r proc" 2>&1 | mail -s "prosesa za muda" timu`

Ona ile `2>&1`. Ndiyo inayoleta na makosa kwenye barua, na kuyaficha makosa kulinigharimu siku-prosesa 20. Ifanye ije kila asubuhi hata kama hakuna kitu, barua isipokuja ndio ujue kuna shida.

Baada ya muda kuisha piga lscod mara ya mwisho, zilizowashwa ziwe 0, zisizorudishwa ziwe 0, halafu vuta bili na historia uziweke pamoja na ile faili ya kabla:

```
lscod -m MASHINE01 -t bill -c onoff -r proc
lscod -m MASHINE01 -t hist
```

Namba iliyoko kwenye bili ifanane na -q mara -d uliyoandika. Ikiwa 6, funga faili, tuma ripoti ya mwezi, kalale.